MGANGA HAJIGANGI

Somo katika haki ya tabibu na wauguzi wa mashamba pindi wauguapo

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake yeye aliyejaalia maradhi na akajaalia dawa, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Waswahili wana methali mashuhuri: mganga hajigangi. Watu wengi huitumia kwa dhihaka. Wamwonapo tabibu anakohoa, au muuguzi amejifunika shuka kwa homa, husema: tazameni, atibuye watu ameshindwa kujitibu. Methali ni ya kweli, lakini walio wengi wameshika nusu yake na nusu wameiacha. Kwani ikiwa mganga hajigangi, limebakia swali ambalo halina budi kujibiwa: basi ni nani wa kumganga? Swali hilo ndilo somo la karatasi hizi.

KIPANDE CHA KWANZA: Hukumu ya utabibu

Na ajue msomaji kwamba maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi wameuhesabu utabibu katika jumla ya faradhi za kutoshelezana, yaani fardhi kifaya. Maana yake ni kuwa katika kila mji hapana budi awepo wa kuisimamia kazi hiyo. Akisimama mwenye kutosha, wengine wamesalimika. Na wakiiacha wote, wameingia katika dhambi wote walioweza, kama vile maiti akiachwa bila kuzikwa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, naye ni katika wakubwa wa madhehebu haya, aliwalaumu watu wa zama zake. Aliona wanafunzi wakisongamana katika elimu ya khitilafu na mijadala, ambayo waifanyao ni wengi, ilhali miji mingi haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Na imepokewa kwamba Imam Shafi mwenyewe alikuwa akisikitika kuona Waislamu wameupuuza utabibu.

Kisha ajue msomaji kanuni nyingine, nayo ndiyo inayohusu khasa somo hili. Faradhi ya kutoshelezana hugeuka ikawa faradhi ya mtu mmoja, fardhi ain, pindi hapana mwengine awezaye. Katika mji mkubwa tabibu akisafiri, wako wenzake. Ama tabibu wa shamba, ambaye nyuma yake ni pori na mbele yake ni mto usio na daraja, huyo amebanwa na faradhi pande zote. Mzazi ni wake, aliyevunjika mguu ni wake, na mtoto mwenye degedege ni wake. Na miongoni mwa wagonjwa wake wamo watu ambao aghalabu husahauliwa, nao ni wale wafanyao kazi pamoja naye: muuguzi, mkunga, mpimaji wa damu, dereva wa gari la wagonjwa, mfagizi wa wodi, na mwenye kubeba maiti. Hao wote wako karibu na maradhi kuliko watu wote, na wako mbali na matibabu kuliko inavyodhaniwa.

KIPANDE CHA PILI: Kisa cha Kenema

Kenema ni mji wa mashariki ya nchi ya Sierra Leone, huko Afrika ya Magharibi, nchi ambayo wenyeji wake walio wengi ni Waislamu. Si mji mkuu wa nchi, bali ni mji wa bara, ambao watu wa vijiji na mashamba huujia kwa biashara na kwa dawa. Katika hospitali ya serikali ya mji huo imekuwapo kwa miaka mingi wodi ya homa iitwayo Lassa, maradhi yatokanayo na panya wa majumbani na mashambani, na ambayo hupita kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa amuuguzaye kwa njia ya damu na majimaji ya mwili.

Na maradhi haya ya Lassa tangu kujulikana kwake yalianza kwa wauguzi. Mwaka 1969, katika mji wa Lassa nchini Nigeria, aliugua muuguzi mmoja wa hospitali ya wamisheni, akapelekwa Jos. Muuguzi aliyemkhudumia akaambukizwa akafa. Wa tatu aliyemkhudumia huyo wa pili naye akaambukizwa, lakini yeye akapona. Basi mlolongo ule ulipita katika mikono ya watu waliokuwa wakitibiana.

Wodi ya Kenema iliongozwa na Dokta Aniru Conteh. Mwaka 2004 alijichoma kwa sindano alipokuwa akimtibu mgonjwa wa Lassa, akaugua maradhi yale yale aliyokuwa akiyatibu, akafariki mwezi wa Aprili. Mahali pake pakahitaji mtu. Mwaka 2005 akapashika kijana wa miaka 30, Dokta Sheik Humarr Khan, mzaliwa wa upande wa Lungi, naye alijua vyema mtangulizi wake amekufa kwa lipi.

Mwaka 2014 mwezi wa Mei, maradhi ya Ebola yakaingia Sierra Leone kutoka Guinea. Wodi ya Lassa ya Kenema ndiyo iliyokuwa tayari kuliko nyingine zote, na wagonjwa wakaletwa huko kutoka Kailahun na vijiji vyake hata wodi ikajaa ikafurika. Dokta Khan alikuwa mwangalifu. Alikuwa na kioo kirefu ambacho husimama mbele yake kabla ya kuingia wodini, akitazama kama katika mavazi yake ya kinga pana tundu, na kioo hicho alikiita polisi wake. Wala hakuona haya kusema mbele ya watu kwamba anauogopea uhai wake, kwani anaupenda.

Pamoja naye alikuwapo muuguzi mkuu wa wodi, Bibi Mbalu Fonnie, aliyekwisha kufanya kazi ile tangu zama za Dokta Conteh, na wadogo zake wa kazi walimheshimu kama mtu amheshimuvyo shangazi yake. Ikatokea muuguzi mwenzao mmoja mwenye mimba akashikwa na Ebola. Bibi Fonnie na wenzake wachache wakaenda kumkhudumia, kwani alikuwa ni wao na hapakuwa na mwengine. Yule mwenye mimba akafariki. Kisha Bibi Fonnie mwenyewe akaugua, na katika wale waliokwenda pamoja naye waliugua pia. Dokta Khan akawa sasa awatibu watu wake mwenyewe: walewale aliokuwa akigawana nao zamu, ndio aliokuwa akiwapima homa. Bibi Fonnie akafariki mwezi wa Julai 2014, na wenziwe kadhaa wakafariki.

Mwezi huo huo Dokta Khan naye akashikwa na homa, na kipimo kikathubutisha kwamba ni Ebola. Hakulazwa katika wodi yake mwenyewe. Alipelekwa Kailahun, katika kambi ya matibabu ya Madaktari Wasio na Mipaka. Ilikuwapo huko dawa mpya ambayo bado haijajaribiwa kwa wanadamu. Wenye kumtibu wakashauriana, wakakhitalifiana, mwisho hawakumpa, wala yeye mwenyewe hakuulizwa. Akafariki tarehe 29 Julai 2014. Siku chache baadaye dawa ya namna ile ile wakapewa Wamarekani wawili walioambukizwa nchini Liberia katika kazi ya kutibu, wakapona. Kama ni dawa iliyowaponya au si hiyo, hapana aliyeweza kuthibitisha.

Tarehe 28 Agosti 2014 likatolewa andiko la wataalamu juu ya asili ya maradhi yale, lililotokana na damu za wagonjwa 78. Miongoni mwa walioandikwa kuwa watungaji wake, watano walikuwa wamekwisha kufa kwa Ebola kabla halijatoka: Dokta Khan, Bibi Fonnie, wauguzi Alex Moigboi na Alice Kovoma, na Mohamed Fullah wa kazi ya maabara.

Na hao si peke yao. Shirika la Afya Duniani lilihesabu, tangu Januari 2014 mpaka Machi 2015, wafanyakazi wa afya 815 walioambukizwa au waliodhaniwa kuambukizwa katika nchi tatu za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Ilionekana kwamba khatari ya mfanyakazi wa afya kuambukizwa ilikuwa baina ya mara 21 na 32 ya khatari ya mtu mwengine, kulingana na kazi yake, na katika kila watatu waliojulikana mwisho wao, wawili walikufa.

KIPANDE CHA TATU: Yapatikanayo katika kisa hiki

La kwanza: kutibu hakumpi mtu kinga. Wako watu wanaodhani kwamba mwenye kushika dawa kila siku maradhi humwogopa. Kenema imebainisha kinyume cha hayo. Mkono uliozoea kuosha vidonda ndio mkono wa kwanza kufikiwa na sumu yake.

La pili: Dokta Khan hakuwa na mgonjwa mwenye haki zaidi juu yake kuliko wauguzi wake. Lau angaliwaacha, nani angaliingia tena katika wodi ile? Muuguzi anayejua kwamba akianguka hatainuliwa, moyo wake hukimbia hata kama miguu yake imesimama. Kwa hivyo kumtibu muuguzi mmoja ni kuwatibu wagonjwa wote watakaopita mikononi mwake baada ya kupona.

La tatu: ujasiri hauondoi tahadhari, na tahadhari haiondoi kumtegemea Mungu. Mwaka 18 wa Hijra, ilipotokea tauni ya Amwas katika nchi ya Sham, Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alifika Sargh, akawataka shauri Muhajirina na Ansari, akaazimia kurejea Madina wala asiwaingize watu katika tauni. Abu Ubayda bin al-Jarrah akamwuliza kama anaikimbia kadari, na Umar akamjibu kwa maana ya kuwa wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari yake nyingine. Kisha Abdurrahman bin Auf akawapasha mafunzo ya Mtume (s.a.w.): penye tauni mtu asiingie, na aliyekwisha kuwamo asitoke kwa kuikimbia. Umar akarejea, na Abu Ubayda akabaki pamoja na watu wake mpaka akafariki kwa maradhi yale. Aliyerejea hakuitwa mwoga, na aliyebaki hakuitwa mjinga. Kila mmoja alikuwa na amana yake. Tabibu wa Kenema alikuwa katika daraja ya mwenye kubaki, na kile kioo chake kilikuwa ni katika kufunga ngamia kabla ya kutegemea.

KIPANDE CHA NNE: Adabu za kumtibu mwenzi wa kazi

Isidhaniwe kwamba somo hili ni la siku za tauni peke yake. Katika siku za salama maradhi ya wauguzi wa mashamba huwa ni ya kimya. Muuguzi ana sukari, lakini hapimwi. Hujikisia dawa kwa macho kutoka kabati la zahanati. Mkunga ana maumivu ya mgongo mwaka wa tatu. Humweleza daktari wakiwa wamesimama mlangoni, naye hujibiwa kwa neno moja. Mfagizi amechomwa na sindano iliyotupwa takani. Hasemi, kwa khofu ya kuambiwa mzembe. Na tabibu mwenyewe haendi kwa yeyote, kwa kuwa aliye karibu naye yuko mwendo wa siku nzima, au kwa kuwa aona haya kuvua kanzu mbele ya mdogo wake wa kazi. Basi zifuatazo ni adabu tano.

Adabu ya kwanza, amkalishe. Mwenzi wa kazi akisema naumwa, asitibiwe njiani. Aketishwe, aulizwe, apimwe, na iandikwe khabari yake kama iandikwavyo ya mgonjwa atokaye kijijini.

Adabu ya pili, amfiche. Siri ya mgonjwa ni amana, na siri ya mwenzi wa kazi ni nzito zaidi, kwani wanaoweza kuieneza ni wengi na wamo humo humo. Tabibu ambaye pia ni mkubwa wa kazi asiyachanganye mawili haya: alilolijua akiwa tabibu asilitumie akiwa mkubwa.

Adabu ya tatu, achunge mipaka ya sitara. Muuguzi akiwa mwanamke, atangulizwe tabibu mwanamke akipatikana. Asipopatikana, yafaa kwa mwanamume kumtibu kwa kadiri ya haja, mbele ya maharimu wake au mumewe au mwanamke mwaminifu, wala asitazame ila pale panapohitajiwa. Sheria haikuweka mipaka hii ili mgonjwa afe kwa kuona haya. Imeiweka ili atibiwe na heshima yake ikiwa salama.

Adabu ya nne, amwambie. Mgonjwa ambaye ni tabibu hakuacha kuwa mgonjwa. Aelezwe maradhi yake na dawa zilizopo na khatari zake, aulizwe alitakalo maadamu akili yake iko. Wale waliokhitalifiana huko Kailahun walikuwa na hoja kila upande. Lakini kila asomaye kisa kile hubaki na swali, naye Khan angalisema nini lau angaliulizwa?

Adabu ya tano, naye tabibu akubali kutibiwa. Kujitibu katika madhehebu ya Imam Shafi ni sunna, na wako maulamaa waliosema kwamba dawa ikijulikana kwa yakini kuwa yaokoa, kama kulifunga jeraha linalotoka damu, yawa wajibu. Tabibu huwahimiza watu jambo hili asubuhi na jioni. Lisiwe ni neno la ulimi wake kwa wengine, na mwili wake ukawa umetengwa nalo. Amtafute mwenzake wa wilaya ya pili, wapatane kuwa kila mmoja ni tabibu wa mwenziwe.

KIPANDE CHA TANO: Masala mawili

Masala ya kwanza. Katika mwezi ule wa Julai wauguzi wa Kenema waliacha kazi, wakilalamikia vifo vya wenzao na posho ya khatari waliyoahidiwa. Je, muuguzi akataaye kuingia penye maradhi ya kuua bila ya mavazi ya kinga, ameasi?

Jawabu. Faradhi hufungamana na uwezo, na katika kanuni za fikihi madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Asiyekuwa na kinga hakalifishwi kuutupa uhai wake, khasa inapokuwa kuingia kwake kutamwambukiza yeye na kisha kuwaambukiza watu wa nyumbani kwake, wala mgonjwa asipate faida. Dhambi ya mgonjwa aliyeachwa humrejea yule aliyekuwa na uwezo wa kuleta vifaa na mishahara akachelewa. Ama aliyepewa kinga, akafunzwa, akalipwa haki yake, kisha akamwacha mgonjwa hali hana mwengine, huyo ameiacha faradhi iliyokwisha kuwa yake.

Masala ya pili. Watu wa mji wanawajibikiwa na nini kwa wenye kuwatibu?

Jawabu. Kwa kuwa utabibu ni faradhi ya wote na wachache wameibeba, wasioibeba wana deni. Na deni hilo hulipwa kwa mambo yanayoonekana. Zahanati ipate maji na sabuni, na chombo kigumu cha kutupia sindano. Muuguzi augua, apatikane wa kushika zamu yake, asilazimike kufanya kazi na homa. Atazamwe kama mgonjwa yeyote, kwani kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu. Akifa kazini, watoto wake wasiachwe. Na chanjo ikipatikana, yeye atangulizwe. Hayo ya chanjo yamekwisha kufanyika: baada ya majaribio ya Guinea ya mwaka 2015 ilithibiti chanjo ya Ebola, na katika mlipuko wa mashariki ya Kongo wa mwaka 2018 hadi 2020, huko Beni na Butembo ambako Kiswahili husemwa sokoni na hospitalini, walichanjwa watu zaidi ya 300,000, na wafanyakazi wa afya walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Na hiyo ni alama kwamba wa Kenema hawakufa bure.

KHATIMA

Katika mji wa pwani, mara nyingi mtu hupita mbele ya zahanati akielekea msikitini, akamsikia muuguzi wa zamu akikohoa ndani, akapita. Lau angalikuwa ni jirani yake angalisimama akauliza hali. Naye huyo muuguzi ni jirani, tena ni jirani ambaye usiku wa manane ndiye atakayegongewa mlango.

Basi yampasa kila mwenye kuyasoma haya ajiulize mambo matatu. Katika mji wake ni nani atibuye? Huyo akiugua, hutibiwa na nani? Na yeye msomaji ametoa nini katika deni lile? Asipopata jawabu la swali la pili, ajue kwamba mjini mwake iko faradhi isiyosimamiwa, na yeye ni mmoja wa watakaoulizwa.

Mganga hajigangi. Na kwa sababu hiyo ndiyo watu wakapewa wenzao.

Mwenyiezi Mungu awaponye wagonjwa, awahifadhi wenye kuwauguza, na awalipe kheri wote waliokufa wakiwatibu wenzao. Naye ndiye Mjuzi zaidi.